Mpira Mpya Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Vilikuwa viatu vipya vyeusi vya kamba, nimevinunua kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimevipaka rangi mpaka vinang'aa. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kinamwanga mwenye masikio makubwa na subira ndogo, alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, kisha akanipeleka nyuma ya karakana pale Vwawa. Huko maji ya kuoshea magari yalikuwa yametengeneza dimbwi, na katikati ya dimbwi kilisimama kigari kifupi chenye paa la turubai.

"Vua hivyo," akasema. "Kuendesha tutafundishana baadaye. Leo nataka kujua kama unaogopa tope. Dereva anayeogopa tope hafungi loki, na asiyefunga loki hafiki Mbebe."

Nikavua, nikakunja suruali, nikaingia. Mafundi waliacha kazi kuja kunitazama, na mmoja akauliza kama nimekuja kuomba kazi au kubatizwa. Nilifunga loki ya kushoto, nikafunga ya kulia, nikatoka na tope magotini. Mkuu wa Karakana hakunisifu. Aliniambia tu kesho nije saa moja kasoro robo, na viatu nivivae Jumapili.

Naandika haya kwa ajili ya madereva na mafundi vijana wa Songwe, ambao wamezaliwa wakakuta kila kitu kina kitufe. Sisemi nawaonea wivu. Kidogo nawaonea.

Loki ilikuwa kifuniko cha chuma, ukubwa wa kiganja, katikati ya kila gurudumu la mbele. Ikiwa imefunguliwa, gurudumu linajizungukia tu, halivuti kitu. Ukiizungusha kwa mkono mpaka ikalia "ka", gurudumu linashikana na ekseli. Hapo unarudi ndani, unavuta gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa, na gari linavuta kwa miguu yote minne. Maana yake ni kwamba injini haikuweza kukusaidia mpaka wewe mwenyewe ushuke ukaisaidie kwanza.

Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, mtoto wa mkulima wa kahawa. Baba yangu alitaka nibaki shambani, na mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe Simbeye amekwenda kulala chini ya magari. Nilisomea umakanika chuo cha ufundi, nikaajiriwa kama dereva-fundi katika huduma ya mkoba ya hospitali moja ya kanisa. Wakati huo Songwe haijawa mkoa, tulikuwa bado watu wa Mbeya. Huduma ya mkoba ni kliniki inayowafuata watu walipo: muuguzi, mzani wa kupimia watoto, sanduku la chanjo lenye barafu, na gari.

Vituo vilikuwa vingi, lakini gari lile dogo lilinunuliwa kwa ajili ya kituo kimoja. Mbebe iko juu, upande wa Ileje. Magari makubwa hayakuweza kukata kona zake nyembamba, na masika yakianza, hata pikipiki zilikuwa zinasukumwa. Gari lisipofika, mama alifunga mtoto mgongoni akashuka kwa miguu siku nzima kufuata sindano moja. Wengi hawakushuka. Mkuu wa Karakana alinieleza hayo siku ya pili, akiwa amelala chini ya chesisi na mimi nikimpa spana. Alisema siku gari litakaposhindwa Mbebe, yeye na mimi tutakuwa tunakula mshahara wa bure.

Watu wa kule walilibatiza gari letu Kafupi. Jina likashika, na magari yote madogo yaliyolifuata yakalirithi, hata yale marefu. Nitayaita Kafupi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, kama wafalme.

Kafupi wa kwanza alikaa juu ya springi za mapande ya chuma, za kutosha kumtikisa mtu mpaka akumbuke madhambi yake. Injini ndogo, kabureta inayosumbua asubuhi za baridi, milango inayoingiza vumbi kiangazi na maji masika. Lakini mwepesi. Pale gari zito lilipozama, yeye alipita juu juu kama mbuzi. Kabla ya kupanda Mbebe kulikuwa na mahali pa tambarare, chini ya kona ya kwanza, ambapo kila dereva alisimama. Unashuka, unavua viatu, unafunga loki ya kushoto, unafunga ya kulia, halafu unazunguka gari ukigusa mipira yote minne kwa mkono. Mipira ndiyo hii mnayoiita matairi. Mahali hapo wenyeji wakapaita Pa Loki, na watoto wakiona gari limesimama Pa Loki walikimbia juu kuwaambia mama zao wavae, kliniki inakuja.

Nilifanya makosa yangu pia. Siku moja upande wa kulia ulikuwa umeingia kwenye maji, nikaona uvivu, nikafunga loki moja. Nusu ya mlima gari likaanza kurudi nyuma huku injini inanguruma. Muuguzi aliyekuwepo, mama mmoja mnene na mcha Mungu, alishuka haraka kuliko nilivyotarajia. Niliporudi Vwawa, Mkuu wa Karakana aliniita "Bwana Loki Moja" kwa muda wa miezi sita.

Sasa nije kwenye mipira, maana habari yangu iko hapo. Stoo yetu haikutoa mipira minne kwa mara moja. Ilitoa miwili, na ukasubiri. Dereva akabaki anajiuliza hiyo miwili aiweke wapi. Wengine waliweka nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kunakobeba mzigo. Mimi niliweka mbele. Niliona kwamba kwenye tope mguu wa mbele ndio unaochonga njia na kushika usukani, wa nyuma unafuata tu ulipokanyaga mwenzake. Nilijaribu masika mawili mfululizo, na sikukwama hata mara moja wakati wenzangu wanavutwa na ng'ombe. Mkuu wa Karakana alikuja mwenyewe kutazama, akakwaruza mpira kwa kucha, akasema, "Hii ni sheria. Iandike ukutani ili wajinga waisome."

Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti, nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: MPIRA MPYA MBELE. Nilikuwa kijana, na sikuwa nimeandika kitu kingine chochote maishani ambacho watu walikisoma. Nilipita pale kila asubuhi nikajisikia mtu.

Mkuu wa Karakana alistaafu, akaja mwingine, na mimi nikapelekwa Kamsamba, bondeni Momba, kuangalia magari ya kituo cha huko. Ndiko nilikompata Kafupi wa pili. Huyu alikuwa na paa la bati, springi za koili na injini isiyolalamika asubuhi. Zaidi ya yote, loki zake zilijifunga zenyewe ukivuta gia ndogo. Dereva anabaki kwenye kiti, soksi kavu. Tatizo lake lilikuwa watu. Kwa kuwa hakuna anayeshuka kufunga, hakuna aliyekumbuka kufungua. Walitoka kwenye tope wakaingia lami na miguu minne bado inavuta, na lami haina huruma. Kwenye tope gurudumu linateleza kidogo, chuma kinapumua. Kwenye lami halitelezi, basi vyuma vya ndani vinajikaza mpaka kitu kivunjike. Nilibadilisha difu tatu, ile mitungi ya gia iliyo katikati ya ekseli, kabla madereva hawajanielewa. Ardhi ya Momba ni nyeusi na inanata, na wafugaji wa kule walituvuta kwa ng'ombe mara nyingi wakikataa hata soda. Lakini mipira mipya ikiwa mbele, tulivutwa mara chache. Nikaandika sheria yangu na kule.

Niliporudi Vwawa nilikuwa Msimamizi wa Magari, na mkoa ulikuwa umeshakuwa mkoa. Madereva wote walipita mikononi mwangu. Nilikuwa mkali, wala siombi radhi kwa hilo. Dereva mgeni nilimvua viatu kama nilivyovuliwa mimi, ingawa loki hazikuwepo tena, kisha nilimsimamisha mbele ya ukuta asome kwa sauti. Nilikuwa pia nimeoa Mbebe. Kwa hiyo mlima ule ulikuwa kazini kwangu na ukweni kwangu, na kule juu waliita gari letu gari la mkwe.

Kafupi wa tatu alikuja akiwa mweupe, mviringo, na viti laini. Nilitafuta gia ndogo, sikuiona. Nililala chini yake nikaona propela shafti, lile bomba refu la kupeleka nguvu, inakwenda nyuma, na mbele ya difu ya nyuma kuna kitu kama kopo. Hiyo ni kaplingi. Ndani yake kuna sahani nyembamba nyingi zimezama kwenye mafuta mazito. Siku zote magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Yakianza kuteleza, upande wa mbele wa kopo unazunguka upesi kuliko wa nyuma, mafuta yanasuguliwa, yanapata moto, yanakaza, na nguvu inakwenda nyuma. Hakuna wa kuvuta kitu wala kubonyeza kitu. Gari linajiamulia.

Gari lilikuja na kitabu kinene. Nilisoma kurasa za injini, ambazo nilizijua, nikazipita za mipira, kwa kuwa mambo ya mipira nilikuwa nimeyaandika mwenyewe ukutani. Kitabu nikakifungia kabatini.

Masika ya kwanza Kafupi wa tatu alipanda Mbebe vizuri. Masika ya pili, stoo ilikuwa imetoa mipira miwili mipya, tukaiweka mbele kama kawaida. Dereva alikuwa Osia, kijana mtulivu aliyeoa mwaka ule. Kwenye kona ya tatu gari lilikosa nguvu ya nyuma, mbele kukabaki kunasaga tope. Walivutwa kurudi. Nilifungua kaplingi nikakuta sahani zimeungua, nyeusi kama masizi ya chungu. Niliandika taarifa: dereva alilazimisha gari mlimani. Osia aliapa kwamba hakulilazimisha. Nilimwambia chuma hakisemi uongo. Uongozi ukampa onyo na kumhamishia Kamsamba.

Tukafunga kaplingi nyingine. Safari iliyofuata niliendesha mimi mwenyewe, ili nionyeshe watu gari linavyopandishwa. Kwenye kona ile ile ya tatu likafa.

Muuguzi alikuwa Sista Atupele, Mndali wa Ileje, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Hakunilaumu. Alitwika sanduku la chanjo, mimi nikachukua mzani, tukaanza kupanda kwa miguu kwenye tope. Hatukufika mbali. Akina mama walikuwa wamesikia injini ikizimika, wakaja kutupokea, watoto migongoni, wengine wamejifunika mifuko ya nailoni kwa ajili ya mvua. Sista alifungua kliniki pale pale njiani. Mzani tuliutundika kwenye tawi la msindano. Yalipobaki manyunyu, mama mmoja aliyekuwa na mimba kubwa, na ambaye Sista alimpima presha mara mbili bila kuridhika, alinigeukia mimi na si yeye.

"Baba, mwezi ujao mtakuja?"

"Tutakuja," nikasema.

Tulipokuwa tunavutwa kurudi, Sista aliniambia jambo ambalo ningelisikiliza siku hiyo, ningejiokolea mengi. Alisema harufu ya kuungua haikuanza mlimani. Yeye hukaa kiti cha nyuma kulinda chanjo, na aliisikia tukiwa bado kwenye lami, kabla ya kukunja pale Mpemba. Na mara ile ya Osia aliisikia hapo hapo. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashike sindano, aniachie spana. Akarudi kushika sanduku lake la chanjo.

Niliandika taarifa ya pili: chanzo, mwinuko na matope ya Mbebe. Nayo nikaisaini.

Katibu wa Huduma, kijana msomi na mwenye adabu, aliniita ofisini akanikaribisha kiti. Alisema kaplingi mbili masika moja ni nyingi, na kama mlima unakula magari, huduma nzima itakufa kwa ajili ya kituo kimoja. Mbebe ingetolewa kwenye ratiba kuanzia mwezi uliofuata. Akina mama wangeelekezwa washuke. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa na ahadi niliyoitoa siku tatu kabla, lakini taarifa iliyokuwa mezani pake ilikuwa na sahihi yangu. Nikasema sina.

Ijumaa nilitumwa Tunduma kutafuta kaplingi ya tatu kwa wauza vipuri vilivyotumika. Mnaijua Tunduma: malori yamejipanga kuanzia mpakani mpaka yanachungulia Chapwa, na katikati yake kila kitu kinauzwa. Muuzaji mmoja wa Chapwa, mwenyeji wa ng'ambo ya mpaka aliyehamia huku, aliichomoa kaplingi kutoka kwenye rundo bila hata kutafuta.

"Hizi zinakwenda sana, mukwai," akasema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Jana nimeuza mbili kwa watu wa kule chini, bush flani tambarare kabisa. Hata kichuguu hawana."

Nilirudi na kaplingi mapajani, na maneno yale yakanikera njia nzima. Kama pasipo na kilima zinaungua, basi kilima kina kosa gani. Jumamosi karakana ilikuwa imefungwa. Nilichukua ufunguo nikaenda peke yangu, nikafungua kabati, nikasoma zile kurasa nilizozipita. Kisha nikachukua chaki. Niliweka alama chini kabisa kwenye mpira wa mbele, na nyingine chini kabisa kwenye mpira wa nyuma, nikaweka gia huru, nikalisukuma gari polepole uani nikihesabu. Mpira wa mbele ulipomaliza mizunguko kumi, alama yake ilikuwa chini, inagusa saruji. Alama ya nyuma ilikuwa imeshapita, imeanza kupanda upande wa pili, karibu robo ya mzunguko.

Nilikaa chini. Mpira mpya ni mnene, mpira uliolika ni mwembamba, basi mwembamba unazunguka zaidi ili kwenda mwendo ule ule. Kwa Kafupi wa kwanza na wa pili hilo halikuwa neno, kwa sababu kwenye lami mbele na nyuma havikushikana. Kwa Kafupi wa tatu vimeshikana kwenye lile kopo siku zote. Kila mita ya lami kutoka Vwawa, kaplingi ilidhani magurudumu yanateleza. Ilijikaza, ikachemka, ikaungua kwenye barabara nzuri, na ilipofika Mbebe ilikuwa maiti. Mlima haukuua gari. Mlima ulipokea maiti. Aliyeua alikuwa ameandika jina la silaha yake ukutani kwa rangi nyekundu.

Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa cha kiume. Nilifikiri: naweka mipira minne iliyo sawa, nanyamaza, gari halitaungua tena, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nilikwenda na wazo hilo nyumbani, nikala nalo chakula cha mchana. Mke wangu aliniuliza kwa nini nashika kijiko kama spana. Nikamweleza yote, nikitumaini atasema nyamaza. Aliendelea kuchambua maharage.

"Mlima wa kwetu umekukosea nini," akasema, "mpaka uusingizie?"

Hapo niliona kwamba kunyamaza kusingetosha. Gari lingepona, lakini Mbebe ingebaki imefutwa, kwa sababu kwenye karatasi mwenye kosa alikuwa Mbebe. Na Osia angebaki Kamsamba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki kisingekuwa changu.

Jumatatu nilimwomba Katibu wa Huduma aje karakana kabla magari hayajatoka. Madereva walikuwepo, mafundi, na Sista Atupele na sanduku lake. Nilichora alama za chaki mbele ya wote, nikawaambia wasukume. Walihesabu kwa sauti mpaka kumi. Katibu alichuchumaa na suruali yake safi akatazama alama ya mbele, akaenda nyuma akatazama ya nyuma. Alirudia mwenyewe kusukuma. Kisha akanyanyua macho ukutani.

"Nani aliandika ile?"

"Mimi."

"Na taarifa iliyompeleka Osia Kamsamba?"

"Mimi pia. Na iliyofuta Mbebe. Zote mbili ni uongo, ingawa sikujua nilipoziandika. Sista aliniambia, nikamjibu kwa kiburi."

Katibu alisema itabidi aniandikie barua, na alikuwa na huzuni kama vile barua ni yake.

"Iandike, Katibu," nikasema. "Lakini kabla ya yangu, ifute ya Osia. Na Mbebe irudi kwenye ratiba."

Alifikiri, akakubali la Osia papo hapo. La Mbebe akasema ni safari moja: mipira minne iliyo sawa, gari likifika na kurudi bila harufu, kituo kinabaki. Lisipofika, asisikie tena. Nilichukua brashi na chokaa, nikafuta herufi zangu mbele ya watu niliowafundisha kuzisoma. Iliniuma, na ilistahili kuniuma.

Osia alirudi Alhamisi. Nilikwenda kumpokea stendi ya Vwawa, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka, nikamwomba yeye ndiye aendeshe. Alisikiliza akiwa ameshika begi lake.

"Mzee, mke wangu alijifungua nikiwa Kamsamba," akasema. "Mtoto ana wiki tatu sasa. Nitaendesha kwa ajili ya Mbebe, si kwa ajili yako."

Nikasema ni haki.

Siku ya safari, kaplingi ya Chapwa ikiwa imeshafungwa, nilikaa nyuma na Sista. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kwenye lami sote watatu tulikuwa tunanusa kama mbwa wa doria. Tukapita Mpemba, hakuna harufu. Tulipofika Pa Loki, Osia hakusimama. Zamani kila dereva alisimama pale, hata loki za mkono zilipokwisha, kwa mazoea na heshima. Yeye alipita bila hata kupunguza mwendo, na mimi nilielewa kwamba alikuwa ananiambia kitu. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu magurudumu ya mbele yaliteleza, yakasaga, na mimi nikashika kiti. Halafu nyuma kukashika. Nilihisi nguvu ikija kwenye uti wa mgongo, gari likainama kidogo, likapanda.

Yule mama mwenye mimba alikuwepo kwenye foleni. Safari hii Sista alimpima mara moja tu, akafunga mkoba, akamwambia ajiandae, anashuka na sisi hospitali. Alikaa mahali pangu, mimi nikakaa mbele. Alijifungua salama wiki ile, na Sista aliniambia kwamba angekuwa bado mlimani isingekuwa hivyo.

Barua yangu iliandikwa. Ndiyo pekee iliyomo kwenye faili langu. Nilivuliwa usimamizi, nikamaliza miaka yangu miwili kama fundi wa kawaida, nikipokea maagizo kutoka kwa watu niliowavua viatu. Wengine walifurahi kidogo zaidi ya ilivyopasa. Nilifika saa moja kasoro robo kila siku. Stoo ilibadilisha utaratibu, mipira ikatoka minne minne. Na Osia, baada ya mwaka mmoja, akawa Msimamizi wa Magari. Alikuwa ananisalimia vizuri, shikamoo kila asubuhi, na anaishia hapo.

Ukutani, chokaa niliyopaka haikufunika vizuri. Rangi ya geti ni rangi ya geti. Siku ya kuniaga bado herufi zilionekana kwa chini, kama mtu aliyejifunika shuka jepesi. Nilitoa hotuba fupi. Niliwaambia sheria ya kazi ina umri kama binadamu, na aliyeizaa ndiye wa mwisho kuona kwamba imezeeka. Walipiga makofi, tukala pilau.

Mwaka huu amekuja Kafupi wa nne. Ana kioo kama cha televisheni, na kitufe cha duara unachokizungusha kuchagua tope, mchanga au lami. Mipira ikitofautiana hata kidogo, anawasha taa ya njano na kukataa kuendelea. Nilikuwa barazani nikianika kahawa aliposimama mlangoni. Osia ndiye aliyekuwa anaendesha, ingawa wasimamizi siku hizi hawaendeshi. Alisema wanakwenda Mbebe na kiti kimoja kiko wazi, na mke wangu alishamwambia kwamba nina salamu za kupeleka ukweni. Mimi sikuwa na salamu zozote. Niliingia.

Njiani alinionyesha vitufe, nikatikisa kichwa. Tulipofika chini ya kona ya kwanza alipunguza mwendo, akakanyaga breki, akazima injini. Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama mbele.

"Pa Loki hapa," akasema. "Mzee wangu, shuka ufunge."

Gari lile halina loki, na yeye anajua kuliko mimi. Nikavua viatu. Tope lilikuwa la baridi na magoti yangu si yale ya zamani, kwa hiyo nilizunguka taratibu, nikigusa mpira mmoja mmoja kwa mkono. Niliporudi kwenye kiti nilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, nikafunga mlango.

"Vipi?" akauliza.

"Yote minne sawa."

"Basi twende," akasema. Juu yetu, watoto walikuwa wameshaliona gari, wanakimbia kuwaambia mama zao.